Fungu la Asiyekuja

Siku Mwamini alipoingia eda, mimi sikuwako Kindu. Nilikuwa Kibombo kwa binti yangu aliyejifungua, na treni ya huku kila mtu anaijua: inatoka ikipenda, inarudi ikipenda. Kasimu, mume wa Mwamini, akazikwa mimi niko mbali. Habari nilizipata kwa simu. Nilikaa chini pale pale na mtoto wa binti yangu mapajani, nikasema nitarudi wiki ijayo. Nilirudi mwezi wa tatu wa eda ukielekea mwisho.

Ninaandika haya kwa sababu mtaani kwetu watu wanasema Mwamini aliugua kwa huzuni, na wengine wanasema maneno mabaya kuliko hayo, ya kurogana. Mimi niliona kwa macho yangu ni nini. Masista walinifundisha kuandika mpaka darasa la sita, na mwandiko wangu ulikuwa ukionyeshwa kwa wageni. Acha nifanye nao kazi.

Mwamini na mimi tumekaa jirani tangu tukiwa wake wapya. Ua wake na wangu hutenganishwa na mstari wa mananasi tu, na mananasi yenyewe hatujui nani aliyeyapanda. Yeye ni Mwislamu, watu wake walitoka upande wa Kasongo. Mimi ni Mkatoliki. Yeye huniita Mama Paul, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Mimi humwita Mama Feza, ingawa Feza si mtoto wake wa kwanza. Wa kwanza ni Idrissa. Lakini Idrissa alizaliwa tu, kama watoto wengine. Feza tulimpata kwa vita.

Kasimu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa pale stesheni. Mwamini alikuwa akioka mikate ya mchele na kuiuza kwa wasafiri, na njia hiyo ndiyo iliyowaonanisha: yeye kwenye sinia yake, Kasimu kwenye minyororo yake. Kasimu alikuwa mtu wa maneno machache sana. Nilikuwa namtania Mwamini kwamba mumewe anaweka akiba ya maneno kama watu wanavyoweka chumvi.

Sasa nitasema ya mwaka ule mji ulipofungwa, maana bila hayo mtu hawezi kuelewa yaliyompata.

Waasi walikuwa ndani ya mji, Mai-Mai, wapiganaji wa vijijini, walikuwa msituni pande zote. Reli imekatwa. Mashamba yetu yalibaki upande wa pili wa hatari: ukitaka muhogo, upite kwenye bunduki za hawa, kisha za wale, kisha urudi. Tulikula matembele bila chumvi. Ndipo wake wa mtaa wetu tukaanza kupika chungu kimoja uani kwa Kasimu, kila mmoja akileta alichopata, na Kasimu akigawa yeye mwenyewe kwa upawa, kwa sababu alikuwa hana upendeleo. Kila mtu na fungu lake juu ya jani.

Wanawake walienda kwa zamu kutafuta chakula, na si wote waliorudi siku ile ile. Wengine hawakurudi kabisa. Siku ya kwanza mmoja wetu alipochelewa, mama mmoja alisema fungu lake ligawanywe, tusipoteze. Kasimu akakataa. Alilifunika fungu lile, akaliweka kando mpaka baada ya sala ya magharibi. Mwenyewe hakutokea. Kasimu akampa mtoto mdogo kuliko wote wa pale uani, akasema maneno ambayo sote tuliyashika: fungu la asiyekuja halimwagwi, wala haligawanywi kama la maiti. Linaliwa kwa niaba yake, ili kesho awe na mahali pake pa kulikuta lingine.

Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa Feza.

Kisha zamu ikamfikia Mwamini mwenyewe. Alitoka na kapu alfajiri, hakurudi. Jioni hakurudi. Watu wakaanza kumwambia Kasimu avumilie, waanze kumwombea. Kasimu kila siku aligawa, kila siku aliweka fungu la mkewe kando, limefunikwa, na baada ya magharibi akampa Feza. Mimi nilikuwa nakaa karibu naye tukimwangalia mtoto akila. Siku nyingi zilipita hivyo, mpaka jirani wakaanza kumwonea aibu. Halafu Mwamini akatokea kwenye mananasi, miguu imevimba, kapu hana, nguo aliyoivaa si yake. Alikuwa amejificha kwa watu huko njia ya Kailo. Kasimu alimwangalia tangu kichwa mpaka miguu, akamwambia, «Fungu lako limeshaliwa. Ngoja la kesho.» Akaingia ndani. Tulimsikia analia.

Na jambo moja zaidi la mwaka ule. Feza alishikwa na malaria, homa ya kutikisa kitanda. Vidonge havikuwako mjini. Mwamini alizunguka nyumba kwa nyumba, akipata nusu hapa, robo kule, mtu akikata chake kwa kisu na kumpa unga kwenye karatasi. Mtoto akapona kwa vipande vya watu. Tangu hapo, kwa Mwamini na kwa sisi sote tuliokuwamo, dawa ni kitu kinachopungua. Dawa inayozidi hakuna aliyewahi kuiona.

Feza akakua, akasoma, akaenda Ubelgiji. Anafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Liège, anawaogesha na kuwalisha wazee ambao watoto wao hawapo. Hajarudi hata mara moja. Kwanza pesa, kisha makaratasi, kisha watoto wake. Baba yake alipofariki, makaratasi yalikuwa bado hayajatoka. Alilia kwenye simu mpaka betri ikaisha.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Mjane anakaa nyumbani kwake, hajipambi, hatoki bila shida kubwa. Wiki za kwanza nyumba ya Mwamini ilijaa. Wanawake walilala kwenye mikeka mpaka mlangoni. Feza alipopiga simu, mama yake alimwambia nyumba imejaa hata pa kuweka mguu hapana, na huo ulikuwa ukweli.

Feza akafikiri kwa moyo wa mtoto na kwa akili ya kazi yake. Kule kwao jua ni haba, na wazee wanaokaa ndani hupewa vichupa vidogo vya vitamini D ili mifupa isilegee. Yeye mwenyewe daktari alikuwa amempa. Akamwona mama yake kwa mawazo, amefungiwa chumbani, na wanawake wazee wamekaa naye, wote na shungi zao. Akanunua maboksi mengi, mfuko mzima, akampa mtu anayesafiri. Aliagiza vizuri kabisa: kila mtu kichupa kimoja kwa mwezi, mama na wageni wake wote. Kosa halikuwa kwake.

Mfuko ulifika baada ya arobaini. Na baada ya arobaini, kama mnavyojua, watu hurudi kwenye maisha yao. Mpunga ulikuwa unavunwa. Mmoja alikuwa na mgonjwa, mwingine duka, mwingine aliudhika kwa jambo dogo. Mke wa Idrissa alikuwa akileta chakula asubuhi akipita kwenda sokoni, na jioni akirudi, anaweka sahani, anauliza hali akiwa amesimama, anaondoka. Idrissa mwenyewe yuko kwenye machimbo huko Kailo. Mwamini hakuweza kuwafuata watu kwao, eda haimruhusu. Akabaki na kuta.

Feza alipouliza kwenye simu, Mwamini aliendelea kusema nyumba imejaa. Hakutaka mtoto alie tena mpaka betri iishe.

Yanayofuata aliyaeleza yeye mwenyewe baadaye, kidogo kidogo, na mengine niliyaona kwenye sinia yake.

Kila siku baada ya sala ya alasiri alitandika mkeka, akaweka sinia, vikombe, chupa ya chai, na vile vichupa vya Feza. Vichupa vyenyewe ni vya kioo, shingo yake inavunjwa. Kwa kuwa kioo hukata, na mgeni hasumbuliwi, yeye alivunja shingo mapema kwa kitambaa, viwili au vitatu, kwa wageni anaowatarajia siku hiyo. Kisha akakaa kungoja. Alisikia miguu ikipita nje, akajua ni ya nani kwa jinsi inavyokokotwa. Ilipita. Mwadhini akaita magharibi. Kichupa kilichovunjwa hakifungiki tena. Dawa haimwagwi. Akasema jina la mwenye fungu, akanywa.

Kesho akavunja vingine, maana huenda kesho ndiyo watakuja.

Hivyo ndivyo alivyokunywa mafungu ya mtaa mzima.

Niliporudi kutoka Kibombo nilipita kwenye mananasi hata mzigo sijafungua. Nilimkuta amekaa mkekani, amekonda, mdomo umekauka mpaka umepasuka, na kando yake dumu la maji. Tulishikana tukamlilia Kasimu. Lakini hata katikati ya kilio alijitoa mikononi mwangu ili anywe maji. Alikunywa kikombe, akanywa kingine, kisha akanyanyuka kwenda choo akishika ukuta. Alirudi, akanywa tena. Nilimwambia:

«Mama Feza, ukikunywa Lualaba yote, samaki utawaachia nini?»

Akacheka kidogo. «Wakristo wataleta divai yao,» akasema. «Keti. Umechelewa lakini umekuja.»

Hakula. Chakula cha mke wa Idrissa kilikuwa kimeganda kwenye sahani. Alisema tumbo limejaa mawe, halijafanya kazi wiki nzima, na akinusa mafuta anatapika. Mifupa inauma, alisema, tena ile mifupa ambayo anaitunza sana. Nilidhani ni huzuni. Nilidhani pia ni sukari, kwa sababu ya ile kiu na kile choo. Mama yangu mzazi aliondoka na sukari. Nikamwita Ange, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wetu, msichana mwenye subira.

Ange alimchoma kidole, akasema sukari hakuna. Malaria hakuna. Akamwuliza kama anakunywa dawa yoyote, dawa ya kienyeji au ya duka. Mwamini akasema hapana, anakunywa vitamini ya mtoto wake tu, kwa mifupa. Sote hatukushtuka. Nani anashtuka kwa vitamini? Ange aliacha chumvi za kuchanganya na maji, akasema kesho atarudi.

Siku zile Mwamini alianza kupotea kichwa. Nilikuwa nakuja kila alasiri. Mara tunazungumza vizuri, mara ananiuliza kama treni ya Kasimu imeingia. Siku moja aliniuliza, «Kasimu ameshagawa?» Nikamwambia ameshagawa. Nilirudi kwangu nikaogopa, kwa maana niliona wazi kwamba eda hii ataimaliza kaburini.

Bati nililigundua kwa sababu ya sukari ya chai. Nilitaka kumlazimisha anywe chai tamu angalau. Kabatini kulikuwa na bati la maziwa ya unga, kubwa. Nikalishika, likalia kama mtu ametikisa misumari. Nikafungua. Lilikuwa limejaa vioo mpaka mdomoni, vichupa vitupu na shingo zake. Alikuwa amevihifadhi ili watoto wa mtaa wanaotembea miguu mitupu wasijikate.

Nililiweka mkekani mbele yake.

«Mama Feza, hii njo nini?»

«Dawa ya Feza.»

«Yote hii umekunywa wewe?»

«Yangu ni kidogo tu. Ingine ni mafungu ya wale.»

«Wale nani?»

«Wewe unawajua wote. Wale hawakuja.» Akalamba mdomo. «Hata fungu lako liko humo, Mama Paul. Lilikuwa tamu.»

Nilikaa na bati miguuni. Nilimwambia huenda dawa hii ndiyo inayomwua. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyesahau mambo.

«Dawa ilizidi tangu lini? Wewe mwaka ule haukuwa hapa?»

Nilimtuma mke wa Idrissa kwa Ange. Ange alikuja, akasoma maandishi kwenye boksi tupu, akahesabu kwa macho yaliyomo ndani ya bati. Kisha akampigia simu daktari wa hospitali. Nilimsikia akisema «ndiyo daktari» mara nyingi. Alipomaliza alisema koko, yaani bibi, aende hospitali leo, na kichupa kisifunguliwe tena hata kimoja.

Hapo ndipo vita vyetu vilipoanza. Mwamini alikataa kutoka. Nilimwambia mgonjwa anaruhusiwa. Akasema anajua sheria ya dini yake kuliko mimi. Ange akambembeleza. Mke wa Idrissa akalia. Hakuna. Alishika mguu wa kitanda. Alisema Kasimu aliliweka fungu lake kando siku zote zile watu wakimcheka, na yeye hawezi kushindwa kumkalia Kasimu eda hizi siku zilizobaki. Alisema hivyo kwa akili timamu, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikaenda mwenyewe kwa sheikh Djamali, mimi na msalaba wangu shingoni, nikamngoja mlangoni mpaka atoke kusali. Nilimweleza yote. Alikuja nami bila hata kupita kwake. Alisimama nyuma ya pazia, akazungumza naye kwa upole juu ya ruhusa ya mgonjwa, na Mwamini akajibu kila neno kwa neno. Sheikh akasema, «Mama, mimi nilikuwa kijana mwaka ule, nakumbuka. Kasimu alikuwekea chakula ili urudi muzima. Hakukuwekea ili ufe.»

Mwamini akaachia mguu wa kitanda.

Tulimfunika vizuri, tukampeleka kwa pikipiki, mimi nyuma yake nimemshika kama mtoto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushika njia tangu mazishi. Njia nzima alikuwa amefumba macho. Alisema anatoka kwa mwili tu.

Daktari hakutupa matumaini ya uongo. Alituambia, nami ninayaandika kama nilivyoyasikia, kwa kuwa mama wengi mtayahitaji. Kuna vitamini ambazo ukizidisha mwili unazitoa kwa mkojo. Hii haiko hivyo. Hii mwili unaiweka ndani ya mafuta yake, inakaa miezi. Kazi yake ni kuvuta ile chokaa ya mifupa kutoka kwenye chakula. Ikiwa kidogo, mifupa inapona. Ikizidi, chokaa inajaa kwenye damu, hata ya mifupa yenyewe inatolewa. Figo zinahangaika kuitoa, ndiyo ile kiu na kile choo. Tumbo linasimama, kichwa kinachanganyika, moyo unaweza kwenda ovyo, na figo zinaweza kufa kabisa. Nikamwuliza mbona sisi tunalima juani maisha yetu yote na hatuzidiwi. Akasema jua mwili hulipima wenyewe na kuacha ukitosheka. Kinachoingia kwa mdomo hakina wa kukipima.

Nikamwuliza dawa ya kuitoa. Akasema ya kuifuta mara moja hakuna. Ni kuacha, ni maji mengi ya mshipani, ni dawa chache za kusaidia, ni kungoja. Damu yake ilipelekwa kwa ndege mpaka Kinshasa, na jibu lilirudi kusema yale bati lilikuwa limekwisha kusema.

Alikaa hospitali kwenye kitanda cha ukutani, mirija mkononi. Mimi nililala chini kwenye mkeka. Kuna siku mkojo ulipungua mpaka daktari akawa anapita bila kuniangalia usoni. Mwamini hakuuliza habari ya figo. Aliuliza tu kama nani amekuja. Nikamtajia: mke wa Idrissa, sheikh, Ange. Akasema, «Na wengine?» Nikamwambia wanavuna.

Taratibu kichwa kikarudi. Siku moja aliamka akaniambia nakoroma kama behewa lisilopakwa mafuta, nikajua amepona nusu. Na ni nusu kweli. Figo hazikurudi zote. Daktari alimpa masharti: maziwa basi, ndakala, wale dagaa wetu, basi, hata ile mifupa yake midogo, maji kila siku, vichupa kamwe. Na jua, kwa miezi kadhaa, alikimbie.

Mwamini akamwuliza, kwa adabu, kama amesikia vizuri. Daktari akasema ndiyo, jua nalo lisije likaongeza juu ya kilichojaa. Mwamini akanigeukia. «Hata eda ya mume sijatoka,» akasema, «naingia eda ya vitamini.»

Siku ya kutoka eda alikuwa amesharudi kwake. Alioga, akavaa kitenge kipya, manukato, na wanawake walikuja, kwa sababu habari za hospitali zilikuwa zimeenea. Walijaa tena mpaka mlangoni. Walikula wali, waliulizia bati, walitaka kuliona. Walisema pole vizuri. Mwamini aliwakaribisha kila mmoja kwa jina, na mimi niliyekuwa najua aliwahi kuyataja majina hayo na kunywa, niliangalia chini. Jioni walikwenda. Kesho yake mkeka ulikuwa mkubwa tena.

Simu ya Feza ililia alasiri, mimi nikiwepo. Mambo ya hospitali alikuwa ameambiwa ni malaria. Hivyo ndivyo Mwamini alivyotuamuru sote. Alisema mtoto akijua, ataona amemwua mama yake kwa mkono wake. Sasa Feza alikuwa na furaha, uso wake ukijaa kioo cha simu. Alisema eda imekwisha, Mungu ashukuriwe, na kwamba amepata mtu mwingine wa kusafiri, ametuma mfuko mwingine wa vichupa, mkubwa kuliko wa kwanza, ili wale mama wote waendelee.

Mwamini alinitazama. Mimi sikumsaidia. Lilikuwa lake la kusema.

«Feza,» akasema, «usitume tena.»

Feza akauliza kama dawa ziliharibika njiani.

«Zilifika nzuri. Lakini wale mama hawakuja, mwanangu. Baada ya arobaini hawakuja tena. Nikanywa mafungu yao. Njo hiyo iliyonilaza hospitali. Si malaria.»

Nilidhani mtoto atasema, mama, ulifanya nini, ni moja kwa mwezi. Watu wengine wote walisema hivyo. Feza hakusema. Yeye aliyelelewa kwa mafungu ya wengine, chini ya mkono wa baba yake, hakuhitaji kuelezwa. Tukasikia magari ya huko kwao yakipita.

«Ni wangapi hawakuja?»

«Wote.»

Kisha Feza akauliza kwa sauti ya yule mtoto wa pale uani, sauti ambayo nilikuwa sijaisikia miaka mingi. «Na langu, mama? Mimi pia sijakuja.»

Mwamini alishika simu kwa mikono miwili.

«Lako sijaligusa,» akasema.

Mfuko wa pili ulipofika tuliupeleka kwa daktari. Alisema anao watoto wenye matege, miguu imepinda kama upinde, na kwao hii ni dawa kweli, kwa kipimo chake. Tukaondoka.

Sasa tunakaa mlangoni pake kila alasiri, mimi na yeye. Jua linapanda kizingiti, naye anarudisha miguu ndani kidogo kidogo, kivuli kikisogea. Kwenye sinia tunaweka chai na wali, vikombe viwili na sahani tatu. Ya tatu inafunikwa. Magharibi ikiita, mimi husema tule, chakula kinapoa. Yeye husema ngoja kidogo.

Tunangoja kidogo. Kisha tunakula mbili, na ile ya tatu anaiingiza ndani bila kuigusa.